Mchana nashinda na chai ya rangi, usiku namaliza vipande vya korosho

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia watoto wakiwa wamelala. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini. Riziki yangu ni korosho. Nanunua zilizobanguliwa kwa kina mama wanaobangua majumbani, nakaanga, natenga nzima na vipande, nafunga kwenye vifuko kwa moto wa mshumaa, asubuhi napeleka stendi na kwenye maduka mawili. Nzima ndizo zenye bei. Vipande nawauzia wanaotengeneza kashata, na visipopata mtu vinabaki ndani. Hapo kwenye kubaki ndipo penye mtihani wangu.

Kazi ya kufunga naifanya kuanzia saa tatu usiku, nyumba ikishatulia. Naanza kwa kudokoa kimoja, najiambia naonja chumvi. Baada ya hapo mkono unakwenda wenyewe. Sisikii njaa, utamu wenyewe siusikii, naona tu mkono unatoka kwenye ndoo unakuja mdomoni. Nikija kushtuka nimeshamaliza kama glasi mbili. Kisha nainuka naenda jikoni, nakomba kiporo cha wali pamoja na ukoko wake, nimesimama gizani, maana nikiwasha taa mkubwa ataamka. Tumbo likianza kuuma nalia, naapa sirudii. Kesho yake najiadhibu: nashinda na chai ya rangi, vikombe vitano hivi, sukari vijiko vitatu vitatu, situmbukizi kitu kingine mdomoni mpaka magharibi. Usiku tunarudi palepale. Siku nne au tano kwa wiki ndiyo hali yangu, na sasa ni mwaka na nusu.

Kabla ya mtoto wa mwisho nilikuwa na kilo 68. Juzi nimepimwa, 89, na urefu wangu ni sentimita 160. Magoti yanalia. Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi, na akija anasema nakoroma kama injini ya boti. Habari za usiku wangu hazijui. Mama mkwe kwa upande wake anafurahi: "Umenawiri, mwanangu anakutunza." Tukienda kwenye shughuli ananisogezea wali kwenye sinia kwa mkono wake. Nikisema nimeshiba, maneno yanaanza.

Nimejaribu, Shangazi, usidhani nimekaa tu. Mwaka jana nilinunua majani ya chai ya kukata tumbo, nikaharisha siku tatu, nikapungua kilo mbili, wiki haikwisha zikarudi. Ramadhani nilipungua nne. Baada ya Idi zilirudi zikamleta na mgeni. Maji ya moto na ndimu nakunywa kila asubuhi kwa sababu shoga yangu kaniambia yanayeyusha mafuta.

Kilichonikalisha chini nikuandikie ni Jumamosi iliyopita. Nilisimamisha bodaboda niende stendi na ndoo yangu. Kijana akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, wewe lipa nauli ya mishikaki." Kijiwe kizima kilicheka, na mimi nikacheka nao. Niliporudi nyumbani nilikaa kitandani nikala kifuko kizima, tena si cha vipande, cha nzima, cha kuuza.

Nisaidie. Mimi ni mlafi? Nianze kufunga Jumatatu na Alhamisi? Au niache hii biashara?

Mama Vipande, Mtwara

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole na ya kijiweni, hiyo nitaifikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikapigia mstari maneno ambayo wewe umeyapita mbio kana kwamba hayana uzito: nashinda na chai ya rangi. Karatasi nzima umenijazia habari za usiku. Mimi naona usiku wako umesingiziwa. Mwenye kosa ni mchana.

Mlafi wewe si mlafi. Mlafi ninayemjua mimi anakula chake, anamega na cha jirani, na anafurahi. Wewe hata utamu huusikii. Ulichonacho ni gurudumu: unakula kupita kiasi, unaona haya, unajinyima ili ulipe, njaa inajilimbikiza, jioni unakutana na ndoo, unakula kupita kiasi tena. Na kila anayekwambia "jizuie" anazidi kulisukuma gurudumu hilohilo, kwa sababu kujizuia ndiko kulikoanzisha safari.

Kuna jambo nilifundishwa nilipokuwa nasomea uuguzi, sijalisahau mpaka nimestaafu. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili haijaisha, mtaalamu wa Marekani aitwaye Ancel Keys alichukua vijana 36 wenye afya njema, wamejitolea wenyewe, akawaweka kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Alitaka kujua njaa inamfanya nini binadamu, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliokuwa wanakufa njaa Ulaya. Kwa miezi 6 aliwapa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipungua kama robo ya uzito wao, hilo kila mtu alilitegemea. Lililoshangaza ni vichwa vyao. Vijana wale wakawa hawana mazungumzo mengine ila chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, watu ambao hawakuwa na habari na jiko. Na walipoachiwa kula, wapo waliokula mpaka tumbo likagoma na bado wakasema hawajashiba. Hali hiyo iliwaendea kwa wiki na miezi. Hakuna aliyewaita walafi, maana wote waliona walivyonyimwa. Wewe unajinyima mwenyewe, kwa siri, kwa hiyo hakuna anayeona, hata wewe.

Sasa tupige hesabu, wewe ni mfanyabiashara, hesabu unaiweza. Glasi moja ya vipande ina kama gramu 130. Gramu 100 za korosho hubeba zaidi ya kalori 550, kwa hiyo glasi yako ina 700 na ushee, mbili zinapita 1,400. Mwanamke mzima kwa siku nzima anahitaji kama 2,000 tu. Umekula sehemu kubwa ya siku ukiwa umekaa kwenye kigoda na mshumaa, na wali wa sufuriani sijaugusa. Si kwamba korosho ni mbaya. Kiganja kimoja, kama gramu 30, ni chakula kizuri, na mafuta yake mengi ni yale yasiyoudhi moyo. Lakini haikuumbwa iliwe kwa ndoo na mtu ambaye tumbo lake tangu alfajiri halijaona kitu.

Na hiyo chai unayoiita adhabu: vikombe vitano kwa vijiko vitatu ni vijiko 15 vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, kama vijiko 12. Ikishuka nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo hata siku unayosema hujala, mpaka wa sukari umeuvuka, na tumbo halikupata kitu cha kulishika.

Basi nakuagiza ule. Utaniambia, Shangazi, nina kilo 89 halafu unaniongezea milo? Ndiyo. Kabla ya saa mbili asubuhi nataka umekula kitu cha kutafuna: vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu, pamoja na yai, au kunde, au mbaazi zilizobaki jana. Chai ipo, kijiko kimoja. Saa saba mchana, hapohapo stendi kama ndipo ulipo, chakula kamili, na hiki ukibebe kutoka nyumbani kwa sababu nawajua mama lishe wetu, mkono wao kwenye mafuta ni mwepesi na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Sahani yako igawe kwa macho: nusu nzima mboga, matembele, mchicha, mlenda, kisamvu. Robo ugali au wali. Robo iliyobaki samaki au mbaazi. Kisamvu cha nazi sikukatazi, mimi mwenyewe ni mtu wa Lindi, nikikukataza nazi watanitenga. Pika na tui la pili, la kwanza liweke kwa siku ya wageni. Saa kumi jioni tunda, au ming'oko, vile viazi pori vyetu, ya kuchemsha kama ipo. Msimu wa mabibo ukifika kula bibo lenyewe, uraka, pombe yake, waachie wenyewe. Saa moja kula na wanao, mmekaa, taa inawaka.

Hapa kwenye mbaazi niache niseme kidogo. Sisi wa kusini tunazilima, tunazipakia magunia, tunazipeleka India, halafu tunanunua chipsi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi na bei ikaanguka, kwangu tulizila asubuhi, mchana na jioni mpaka wajukuu wakanuna. Lakini sikumbuki kipindi ambacho tulishiba vizuri kama kile. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, zinakaa tumboni, hazikufanyi uamke kutafuta kingine baada ya saa moja. Kilo moja ya mbaazi hapo Mtwara itakufaa kuliko pakiti zote za majani ya kukata tumbo.

Wiki mbili za kwanza usipande mizani kabisa. Unaweza hata kuongezeka kidogo, mwili unakuwa kama mtu aliyedanganywa mara nyingi, bado haamini kwamba kesho chakula kitakuja. Ukiuzoesha kwamba saa saba ni saa saba, ule mkono unaokwenda wenyewe utaanza kupungua kasi. Wengi huona tofauti ya usiku kabla hata ya kuona tofauti ya kiuno.

Sasa ndoo. Biashara usiache, itakulishia watoto. Ila kazi ya kufunga itoke usiku. Umeniambia unafunga saa tatu kwa sababu nyumba imetulia, na mimi nakuuliza, kutulia huko kuna faida gani kwako? Hamishia asubuhi ukitoka kupata staftahi, au saa kumi na moja jioni watoto wakiwa wanazunguka uani na redio inasema. Na kabla hujakaa kufunga nzima, anza na vipande: vipime, vitie kwenye mifuko ya kilo, funga, andika uzito kwenye daftari lako la mauzo. Kipande kilichofungwa na kuandikwa kimeshakuwa hela, si cha kudokoa tena. Tafuta mtu mmoja wa kashata mkubaliane achukue vyote kila siku ya pili, hata kama bei yake iko chini kidogo ya wengine. Unachopoteza kwenye bei ni kidogo kuliko unachokula. Mama mmoja wa huku kwetu, muuza karanga, alinionyesha ujanja ambao na mimi nimeuiba: kabla ya kuanza kufunga anapiga mswaki. Mdomo wenye dawa ya meno hauna hamu ya chumvi.

Sharti moja tu nakuwekea la nyumbani, mengine utajipangia. Ukila, kula umekaa, kwenye sahani, taa imewaka. Hata kama ni saa sita usiku, hata kama ni ukoko. Washa taa, pakua, kaa, kula taratibu, maana habari ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kichwani. Mkubwa akiamka akakukuta, mpakulie naye. Nakwambia hivi kwa sababu nimekaa zamu za usiku miaka mingi na najua kula gizani kulivyo. Nilikuwa nafungia maandazi kwenye droo ya meza ya zamu, nakula manne nikiwa nimewageuzia wagonjwa mgongo, asubuhi naandika kwenye kadi zao "apunguze mafuta". Presha ndiyo iliyonikamata na kuniambia ukweli.

Na kuna hilo la mume. Yeye yuko barabarani Somanga au Nangurukuru huko, wewe uko peke yako na mshumaa mpaka usiku wa manane. Sitaki kujifanya mpiga ramli, lakini katika barua yako yote hakuna mtu mzima hata mmoja unayezungumza naye. Mkwe anakulisha, shoga anakupa ndimu, mume anakusikia unakoroma. Mwambie. Si kwa simu akiwa anaendesha. Akija, ameoga, amekula, mwambie kama ulivyoniambia mimi: usiku nakula mpaka nalia. Mwanamume anayesema unakoroma kama injini ya boti angalau anasikiliza.

Koroma yenyewe usiichukulie mzaha. Mafuta ya shingoni hubana njia ya hewa, pumzi inakatika, unalala saa sita unaamka kama hukulala. Na mtu asiyelala vizuri homoni yake ya njaa, ghrelini, hupanda, na anatamani vitamu na vyenye mafuta. Ukihamisha kazi ya kufunga, zile saa za usiku zilale, usizifanyie kazi nyingine.

Mama mkwe. Hapa wengi watakwambia umkalie kikao umweleze habari za lishe. Usithubutu. Kwake unene wako ni cheti cha mwanawe, ukiukataa ni kama unachana cheti. Siku ya shughuli kula kwako kwanza, usifike na njaa. Ukifika, omba upakuliwe kwenye sahani, sema umekaa na mtoto, kwa sababu kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, mikono sita inachota na wewe unafukuzana nayo. Akikuongezea, pokea, shukuru, mpe mtoto. Akiuliza, mwambie daktari kaniambia magoti. Na usiseme hivyo kabla hujaenda kwa daktari, sikufundishi uongo.

Kwenda ni lazima. Hospitali ya Ligula hapo si mbali na wewe. Pima sukari kabla hujala asubuhi: ikiwa chini ya 5.6 ni salama, ikifika 7.0 na kupanda ni kisukari na watairudia kuhakikisha. Pima presha, 140 kwa 90 ndipo tunapoanza kusema ipo. Waambie na habari ya kukoroma. Uzito wako ukiugawa kwa urefu wa mita, kisha ukagawa tena kwa urefu huohuo, kama tunavyofanya kliniki, unatoa karibu 35, na kuanzia 30 ndiko tunakoita unene uliokithiri, kwa hiyo hakuna atakayekuona unajishughulisha bure. Omba uonane na mtu wa lishe, halmashauri zina maofisa lishe, na hiyo ndiyo kazi yao.

Kitu kingine uwaambie hospitalini, usikimeze kwa aibu. Kula bila kuweza kujizuia, kwa siri, mpaka tumbo kuuma, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ni maradhi yanayojulikana. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliyaandika rasmi kama ugonjwa unaojitegemea. Wewe ni siku nne au tano kwa wiki kwa mwaka na nusu. Ukifuata haya ninayokwambia kwa miezi miwili na usiku haujabadilika, ulizia huduma ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo na inasaidia. Usisikie neno akili ukadhani nimekuita kichaa.

Majani uliyonunua nina hakika nayo kiasi fulani, maana mengi ya namna hiyo ndani yake mna sanamaki, ileile ambayo bibi zetu walitupa tukifunga choo. Inakutoa maji na kinyesi, mafuta hayaguswi. Ukiizoea, utumbo unaweza kusahau kazi yake na unapoteza madini ambayo moyo unayategemea. Usirudie. Maji ya ndimu hayayeyushi chochote. Kama unayapenda kunywa, basi.

Jumatatu na Alhamisi: ile ni sunna, na mwenye kufunga kwa ajili ya Mola wake sina la kumwambia. Ila wewe umeniuliza kama dawa ya uzito, na nimekueleza Minnesota. Ramadhani yenyewe imekuonyesha, kilo nne ziliondoka zikarudi tano. Tulia kwanza miezi mitatu ya kula kwa saa zake. Baada ya hapo ukifunga, kula daku ya kushika, si chai.

Kutembea. Watu wanataka niwaambie watembee wapungue. Kwa uzito wako nusu saa ya kutembea kwa haraka inachoma kama kalori 150, yaani kile kiganja kimoja cha korosho. Glasi mbili hutazikimbia kwa miguu hata ukifika Mikindani. Lakini tembea, kwa ajili ya sukari, presha, magoti, na usingizi. Dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango. Anza na dakika 10 baada ya chakula cha mchana, ongeza polepole. Stendi nenda na bodaboda kwa sababu ya ndoo, kurudi ndoo ni tupu, rudi kwa miguu, viatu vya raba, si kandambili. Jumapili peleka watoto ufukweni Shangani.

Usijiwekee kilo 68 ndiyo shabaha, utachoka njiani. Shabaha ya kwanza ni kilo nne na nusu, hiyo ni asilimia 5 ya uzito wako, na hapo tu sukari na presha huanza kusikia. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kuna wiki utapata robo, kuna wiki hutapata kitu. Mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi. Kama huna mizani, kata kamba iwe nusu ya urefu wako, sentimita 80, uizungushe kiunoni usawa wa kitovu mara moja kwa mwezi. Ncha zitaanza mbali. Zitasogea.

Na siku utakayoteleza, kwa sababu ipo, utakula usiku, utalia. Sawa. Asubuhi yake muhogo na yai kama kawaida, saa ileile. Usilipe deni kwa chai ya rangi. Ukilipa tu, gurudumu limeanza.

Kuhusu kijana wa bodaboda: ulicheka mbele ya watu, ukaenda kula kifuko cha nzima chumbani. Hasira ilikuwa ya kumpa yeye, wewe ukaila. Ukimkuta tena, mwambie, "Mwanangu, nauli yangu ni ya mtu mmoja, kama pikipiki yako haiwezi, sema nimwite mwenzako." Bila kucheka. Kijiwe kitacheka, safari hii si kwako.

Kesho kabla ya magharibi pima vipande vyote vilivyomo ndani ya ndoo, viandike kwenye daftari, tarehe na uzito, umpelekee mtu wa kashata. Nitumie huo uzito. Nami nitakuandikia niliyopata kwenye mizani yangu, maana na mimi mwezi huu kulikuwa na harusi mbili.